Luzern kwa miguu: jinsi ya kuuona mji wa ziwani bila kumaliza mfuko

Wengi wetu tukipata safari ya Uswisi huishia Geneva kwenye mikutano, au uwanja wa ndege wa Zürich tukisubiri ndege nyingine. Ukiwa na siku mbili za ziada, zipeleke Luzern. Ni mji mkongwe, si mkubwa, umekaa pale pale mto Reuss unapotoka ziwani. Milima imeuzunguka, na karibu kila kitu cha maana kiko ndani ya mwendo wa miguu kutoka stesheni.

Wageni ninaowatembeza huwaambia jambo moja kabla hatujashuka kwenye treni: mjini usitoe pesa. Madaraja ya mbao, ukuta wa zamani, simba aliyechongwa mwambani, makanisa na viwanja, vyote ni bure. Faranga zako zitunze kwa ajili ya ziwa na mlima, maana huko ndiko zinakohitajika na ndiko utakakoona thamani yake. Wengi hufanya kinyume. Siku ya kwanza wanamaliza hela kwenye kengele za ng'ombe na visu vyekundu vya dukani, siku ya pili wanautazama mlima kutoka chini kama picha ya kalenda.

Hatua ya kwanza: viza na mwezi wa kwenda

Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ya Schengen ndiyo unayoitafuta. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo lazima awe nayo. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiingie chini ya siku 15 za mwisho. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima iwe na kinga ya angalau yuro 30,000. Kama unazunguka nchi kadhaa, omba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Ndugu zetu wenye vibali vya kukaa Ujerumani, Ufaransa au nchi nyingine ya Schengen hawana haja ya viza nyingine. Walioko Uingereza wanaihitaji, hata kama kibali chao cha huko ni cha miaka mingi. Hapa ndipo watu hurudishwa uwanja wa ndege.

Mwezi mzuri ni kuanzia Mei mwishoni hadi Septemba. Minara ya ukuta hufunguliwa Aprili na kufungwa baada ya tarehe 1 Novemba, na treni ya meno ya mlima Pilatus, ile inayopanda kwa magurudumu yanayong'ata reli, nayo hulala majira ya baridi. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku kwa saa zetu, kwa hiyo una mchana mrefu wa kutosha. Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni.

Kuna sababu moja tu ya kwenda kwenye baridi kali, nayo ni Fasnacht, sherehe za kabla ya Kwaresima. Zinaanza Alhamisi ya kabla ya Jumatano ya Majivu, saa kumi na moja alfajiri, kwa mshindo mmoja mkubwa kando ya ziwa. Baada ya hapo mji mzima unajaa watu waliovaa vinyago na bendi za tarumbeta na ngoma zinazopiga kwa makusudi mazima ya kukuamsha. Ukienda wakati huo usitegemee kulala, wala usitegemee chumba cha bei nafuu.

Hatua ya pili: kufika, na kuweka mizigo

Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich kuna treni za moja kwa moja, safari ya saa moja na dakika chache. Kutoka Geneva ni karibu saa tatu, na sehemu ya njia unapita kando ya maji, kwa hiyo kaa dirishani. Pakua programu ya SBB, shirika la reli. Inauza tiketi, inaonyesha jukwaa la treni, na inakupa bei za punguzo ukinunua mapema. Ratiba zimeandikwa kwa saa 24: ukiona 13:10 ujue ni saa saba na dakika kumi mchana. Treni ya 13:10 inaondoka 13:10. Usiagize kahawa saa 13:07.

Hesabu mapema kama pasi ya watalii, Swiss Travel Pass, inakufaa. Inalipa treni, mabasi na meli za ziwani, inakufikisha juu ya mlima Rigi bila nyongeza, inakupa nusu bei Pilatus, na inakuingiza makumbusho mengi. Kwa mtu anayezunguka miji kadhaa ndani ya siku chache, pasi hii hujilipa. Kwa mtu anayekuja Luzern peke yake na kurudi, mara nyingi haijilipi.

Ukishuka, teremka chini kwenye makabati ya mizigo. Stesheni ya Luzern ni ya kisasa kwa sababu ile ya zamani iliungua mwaka 1971, na lango lake kuu limeachwa limesimama peke yake uwanjani mbele, kama mlango wa nyumba isiyokuwepo. Pita chini yake. Ziwa liko mbele yako, gati za meli ziko kulia. Jengo kubwa lenye paa bapa lililochomoza mpaka juu ya maji ni KKL, ukumbi wa muziki uliosanifiwa na Mfaransa Jean Nouvel. Limesimama karibu sana na ziwa hata maji yameingizwa ndani kwa mifereji.

Kama unalala mjini, dai kadi ya mgeni hotelini. Inakupa mabasi ya ndani ya mji bure kwa siku zote utakazolala, na ukikaa kimya mapokezi wanaweza kusahau kukupa.

Hatua ya tatu: Kapellbrücke, daraja la mbao

Hili ndilo kila mtu anakuja kulipiga picha, na ndilo litakalokuwa la kwanza kuliona, dakika tano tu kutoka stesheni. Ni daraja la mbao lililoezekwa, la karne ya 14, urefu wake unapita mita 200 kidogo. Linavuka mto kwa kukata kona, halikunyooka, kwa sababu lilijengwa liwe sehemu ya ngome ya mji upande wa ziwani. Katikati umesimama mnara wa mawe wenye pembe nane, Wasserturm, ambao ni mkongwe kuliko daraja lenyewe. Umewahi kuwa hazina ya mji, ghala la nyaraka, gereza na chumba cha kutesea watu. Wageni hawaingizwi ndani.

Watu hupita darajani wakitazama maji na maua. Inua uso. Chini ya paa kuna picha za pembetatu, moja baada ya nyingine, zilizochorwa karne ya 17 kusimulia historia ya mji na ya watakatifu wake. Halafu zitazame boriti. Kwenye ncha mbili za daraja mbao ni nyeusi na za kale, na katikati zinageuka ghafla kuwa na rangi ya mbao mpya. Hapo ndipo moto ulipopita. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 1993 daraja lilishika moto, sehemu kubwa ikateketea pamoja na picha zake nyingi, na mnara ukasalimika. Walilijenga upya kwa haraka, likafunguliwa Aprili 1994. Mahali pengi palipokuwa na picha wamepaacha wazi. Mimi napapenda palivyo.

Nenda kabla ya saa mbili asubuhi. Ikifika saa nne mabasi ya watalii yameshamwaga watu, na utatembea kwa kusukumwa.

Hatua ya nne: mji wa kale, hadi kwenye vigingi vya mtoni

Ukitoka darajani upande wa kaskazini uko Altstadt, mji wa kale, na magari hayaruhusiwi. Fuata mto kwenda chini. Kama ni Jumanne au Jumamosi asubuhi utakuta soko kando ya maji, pande zote mbili: jibini, mikate, maua, matunda ya shamba. Nunua mkate na jibini hapa. Chakula cha mchana kimepatikana, na hakuna mkahawa wa pembeni ya mto utakaokupa bei hiyo.

Nyuma ya soko ni Rathaus, nyumba ya baraza la mji, iliyojengwa kati ya 1602 na 1606. Panda uingie Kornmarkt, kisha Weinmarkt, kisha Hirschenplatz, viwanja vitatu vinavyofuatana. Nyumba zake zimechorwa kuta nzima kuanzia chini hadi paani. Itafute nyumba ya chama cha waoka mikate, Pfistern, pale Kornmarkt. Kwenye viwanja hivi utakuta pia visima vya mawe vyenye mabomba yanayomwaga maji usiku na mchana. Ni maji safi ya kunywa, baridi hata Julai. Jaza chupa yako. Chupa ya dukani ni bei ya mlo mdogo nyumbani.

Endelea na mto mpaka daraja la pili la mbao, Spreuerbrücke. Watalii ni wachache hapa, na kwa maoni yangu linalizidi lile la kwanza. Wasaga nafaka waliruhusiwa kutupa makapi yao mtoni hapa tu, kwa sababu lilikuwa daraja la mwisho na uchafu ungeteremka bila kuupitia mji. Nalo lina picha chini ya paa, za Kaspar Meglinger na wasaidizi wake, karne ya 17, na zote ni za mauti. Kila picha ina kiunzi cha mifupa kikimjia mtu: askofu anakutwa na mauti, mfanyabiashara anakutwa nayo mezani kwake, bibi harusi naye, mtoto naye. Mauti inacheza, inapiga ala, inamshika mtu mkono kama rafiki. Ukienda na watoto wadogo uamue mwenyewe.

Ukisimama kwenye daraja hili na kutazama upande mto unakotoka, utaona safu ya vigingi vya mbao vimesimama wima ndani ya maji, vimebanana kama meno ya kitana. Hiyo ni Nadelwehr, kizuizi cha maji cha katikati ya karne ya 19, na bado kinafanya kazi. Ziwa likijaa, mafundi wanakuja kuchomoa vigingi kwa mkono, kimoja kimoja, maji yapite. Likipungua wanavirudisha. Ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 114 linadhibitiwa kwa vijiti! Simama dakika kumi usikilize maji yanavyonguruma pale. Sijawahi kuona mtalii aliyeletwa hapo na mwongozaji wake.

Hatua ya tano: panda Museggmauer

Kutoka hapo panda mlima mdogo nyuma ya mji wa kale kuufuata ukuta. Vaa viatu vya kushika, si kandambili. Museggmauer ulikamilika mwanzoni mwa karne ya 15, una urefu wa karibu mita 870 na minara tisa. Hakuna kiingilio. Minara minne iko wazi kwa umma: Männli, Wacht, Zyt na Schirmer. Männli umetengwa kidogo upande wa magharibi, na juu yake kuna sanamu ya askari mwenye bendera. Mitatu mingine imeunganishwa na njia ya kutembea juu ya ukuta.

Kama pumzi zako zinatosha mnara mmoja tu, uwe Zyt. Ngazi ni za mbao, nyembamba, zinalia chini ya mguu, na katikati ya safari unakutana uso kwa uso na mashine ya saa ya mwaka 1535, magurudumu ya chuma na mawe mazito yaliyoning'inia kwenye kamba. Uso wake wa nje ni mkubwa kupita kiasi ili wavuvi waweze kuisoma wakiwa ziwani. Saa hii ina haki yake ya zamani: hugonga dakika moja kabla ya saa nyingine zote za mji. Kwa hiyo fika juu dakika mbili kabla ya saa kamili, uzibe masikio, kisha usikilize mji mzima ukiifuata.

Kwa nyuma ya ukuta, upande usioonekana kutoka mjini, kuna shamba lenye ng'ombe. Mwendo wa dakika kumi kutoka maduka ya saa za dhahabu, unasikia harufu ya samadi.

Teremka kwa Schirmer. Njia inakushusha mpaka uwanja wa Löwenplatz.

Hatua ya sita: simba, barafu na jeshi lililoshindwa

Mambo matatu yako hapa karibu karibu, moja bure na mawili ya kulipia.

La bure ni Löwendenkmal. Simba amechongwa ndani ya mwamba wenyewe, urefu wake mita kumi, amelala juu ya kidimbwi cha maji na mkuki umevunjikia ubavuni. Amechoka, hajafa bado. Kiganja chake kimeifunika ngao ya wafalme wa Ufaransa. Aliyesanifu ni Bertel Thorvaldsen wa Denmark, aliyechonga ni Lukas Ahorn, na kazi ilizinduliwa tarehe 10 Agosti 1821. Ni kumbukumbu ya walinzi wa Kiswisi waliokuwa wakimlinda mfalme Louis wa 16 na kuuawa Paris tarehe 10 Agosti 1792, wakati umati ulipovamia ikulu ya Tuileries. Idadi imechongwa chini kwa tarakimu za Kirumi: DCCLX waliokufa, yaani 760 hivi, na CCCL walionusurika, yaani 350. Aliyeanzisha michango ya sanamu hii ni afisa wa kikosi hicho hicho, Karl Pfyffer, ambaye siku ya mauaji alikuwa likizo nyumbani Luzern.

Si kila Mswisi aliipenda. Kulikuwa na waliouliza kwa nini nchi isiyo na mfalme ilie kwa ajili ya vijana waliokodishwa kufa kwa ajili ya mfalme wa wengine. Ukiwa mtu wa Afrika Mashariki, unayejua habari za askari na wapagazi wa Kariakoo waliokufa kwenye vita vya Waingereza na Wajerumani, swali hilo halitakupita kirahisi.

Watu wa mjini watakuonyesha pia kwamba pango alimolala simba lina umbo la nguruwe. Wanasema mchongaji alipunjwa malipo akalipiza hivyo. Ni hadithi tu, ila ukishaliona umbo hilo huwezi kuacha kuliona.

Pembeni yake ni Gletschergarten. Mwaka 1872 Josef Wilhelm Amrein alikuwa akichimba apate ghala la kuhifadhi mvinyo, akakuta mashimo makubwa ya mviringo kwenye mwamba. Yalichimbwa na maji yaliyokuwa yakizunguka kwa kasi chini ya barafu nene, miaka 20,000 hivi iliyopita. Shimo kubwa lina kina cha mita tisa na nusu. Lakini utakachokipenda zaidi wewe mtu wa pwani ni mawe yaliyo hapo hapo yenye alama za jani la mti wa jamii ya minazi na magamba ya kome. Miaka milioni 20 iliyopita hapa palikuwa ufukweni, na joto lake. Watoto watataka chumba cha vioo, kilichotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya Geneva ya 1896. Waruhusu, ila shikaneni mikono.

Cha tatu ni Bourbaki Panorama, na kama utalipa kiingilio kimoja tu mjini, kiwe hiki. Ni mchoro mmoja wa duara, urefu mita 112 na kimo mita 10, uliokuzunguka pande zote ukiwa umesimama katikati. Ulichorwa mwaka 1881 na Edouard Castres pamoja na wasaidizi wake. Theluji kila mahali. Askari 87,000 wa Ufaransa wa jeshi la jenerali Bourbaki, wameshindwa na Wajerumani, wanavuka mpaka kuingia Uswisi mwezi Februari 1871. Wanatupa bunduki zao kwenye lundo, wamejifunga matambara miguuni, farasi wanaanguka kwa njaa. Wanakijiji wanatoka na mikate. Castres alikuwapo mwenyewe akihudumu na Msalaba Mwekundu, na inaonekana. Mbele ya mchoro wameweka sanamu za watu na vitu halisi, hata hujui ardhi inaishia wapi na turubai inaanzia wapi.

Hatua ya saba: rudi kwa njia ya ziwani

Kutoka Löwenplatz teremka hadi Hofkirche, kanisa lenye minara miwili iliyochongoka. Kanisa liliungua siku za Pasaka mwaka 1633. Minara tu ndiyo iliyobaki, wakajenga jipya katikati yake. Ingia, kaa kidogo, toka kwa mlango wa pembeni uone makaburi ya familia za mji yaliyopangwa kwenye varanda.

Kisha tembea ukingoni mwa ziwa chini ya miti hadi Seebrücke, daraja la magari linalokurudisha stesheni. Kama miguu inaruhusu, vuka upite kanisa la Wajesuti, la karne ya 17, jeupe na la waridi ndani kama keki ya harusi. Basi, mji umeshauona, na kama hukuingia Gletschergarten wala Bourbaki hujatoa hata faranga moja ya kiingilio.

Kula, na tahadhari zake

Mkahawani mtu mmoja anaweza kulipa faranga 30 kwa sahani ya kawaida bila kinywaji. Migros na Coop zina maduka yenye vyakula vilivyopikwa, na Migros nyingi zina mkahawa wake wa kujihudumia. Jumapili maduka ya mji hufungwa, yanabaki ya stesheni. Huduma imo ndani ya bei. Ukizidisha kidogo kukamilisha hesabu inatosha.

Kwa Waislamu: chakula kinachosifiwa kuwa cha Luzern, Chügelipastete, ni andazi kubwa la kikapu lililojazwa nyama kwenye mchuzi wa malai, na nyama ya nguruwe huwemo. Fondue, jibini la kuyeyushwa, hupikwa na mvinyo mweupe na kutiwa pombe ya cheri. Älplermagronen ni makaroni, viazi, jibini na vitunguu vya kukaanga, huliwa na rojo la matofaa, lakini uliza kama wametia vipande vya nguruwe. Maduka ya kebabu ya Waturuki yapo, na mengi yameandika halali mlangoni.

Hatua ya nane: sasa toa pesa

Siku ya pili, amka uangalie kamera za mlimani. Pilatus na Rigi zote mbili zinaonyesha moja kwa moja kwenye tovuti zao hali ilivyo kileleni. Kama ni ukungu mtupu, usiende, hata kama mjini kuna jua. Utalipa faranga nyingi kuona ukuta mweupe.

Pilatus, mita 2,128, ndio mlima mkali ulioinamia mji. Zamani waliamini roho ya Pontio Pilato inakaa kwenye kiziwa cha huko juu, na anayeisumbua analeta dhoruba. Baraza lilikataza watu kupanda, na mwaka 1387 makasisi sita walifungwa kwa kuvunja amri hiyo. Mwaka 1585 kasisi wa mji alipanda na kundi la watu, wakarusha mawe ziwani wakimwita Pilato ajitokeze. Hakujitokeza. Siku hizi unachukua basi namba 1 hadi Kriens, unapanda vibanda vya kebo hadi Fräkmüntegg, unabadilisha kwa kibanda kikubwa mpaka juu. Kushuka chukua upande wa pili, treni ya meno hadi Alpnachstad. Ilifunguliwa mwaka 1889 na hakuna treni ya meno duniani inayopanda mteremko mkali kuliko huo: mahali pengine kila mita 100 za kwenda mbele inapanda 48. Mhandisi Eduard Locher aliona magurudumu ya meno ya kawaida yangeruka nje ya reli, akayalaza ubavuni, mawili mawili, yaing'ate reli kutoka kushoto na kulia. Kutoka Alpnachstad unarudi kwa meli, au kwa treni ya dakika ishirini hivi.

Rigi, mita 1,798, ni mpole zaidi, na kwa wazee au wenye pasi ya watalii ndio ninaowashauri. Panda meli mbele ya stesheni hadi Vitznau, karibu saa moja, kisha treni nyekundu ya meno, iliyoanza mwaka 1871, ya kwanza ya mlimani Ulaya. Kurudi unaweza kushukia Rigi Kaltbad na kuchukua kebo hadi Weggis, halafu meli.

Kuhusu meli: ziwa hili bado lina meli tano za mvuke zenye magurudumu ya pembeni, Uri ya 1901 ikiwa kongwe, kisha Unterwalden, Schiller, Gallia na Stadt Luzern ya 1928. Kwenye ratiba safari zao zimewekewa alama, na bei ni ile ile ya meli za dizeli au kwa nyongeza ndogo. Ukipanda, usikimbilie juu kwanza. Katikati ya sitaha ya chini pako wazi, pamezungushiwa tu reli ya mkono, na unaweza kuinama uone mitambo ikifanya kazi. Vyuma virefu vinavyong'aa vinakuja na kurudi, mafundi wanapaka mafuta, joto linakupanda usoni. Kapteni akitoa amri ya kurudi nyuma kila kitu kinasimama kwa sekunde moja, kisha kinaanza kinyume. Wenye umri wa kukumbuka MV Liemba ilipokuwa na injini yake ya mvuke kule Tanganyika hawahitaji kuelezwa.

Kama mvua haikatiki

Luzern hunyesha sana, hata Julai. Mlima uache. Chukua basi namba 6 au 8 hadi Verkehrshaus, makumbusho ya usafiri yaliyofunguliwa mwaka 1959, yenye vichwa vya treni, ndege na meli unazoweza kuingia ndani. Tenga nusu siku, na kwa watoto tenga siku nzima. Asiyependa mashine aende Sammlung Rosengart, dakika chache kutoka stesheni ndani ya jengo lililokuwa la benki kuu, akaone kazi za Picasso na Klee kwa utulivu. Kisha, kabla ya kupanda treni ya mwisho, angalia ubao wa majukwaa mara mbili: treni za kwenda uwanja wa ndege wa Zürich usiku hupungua, na baadhi zinakutaka ubadilishe stesheni kuu ya Zürich.